Twiga Niliowachora Juu ya Ngitili ya Shangazi Kabula

Kama umewahi kupita barabara ya kwenda Magu ukaona shule ya msingi yenye twiga watatu ukutani, na ukajiuliza ni mpumbavu gani alichora twiga katika nchi ya ng'ombe na pamba, usihangaike kuuliza. Ni mimi. Naitwa Makoye. Nilikuwa mchora mabango na kuta Mwanza mjini kwa miaka mingi, na niliacha kazi siku magoti yalipokataa ngazi. Mikono bado inataka.

Mnanifuata hapa Mkolani, mnakaa kwenye benchi langu, mnaniamkia vizuri kabisa, shikamoo mzee, halafu mnaniuliza siri ya kazi. Mmesikia siku hizi kuna watu wanalipwa kuchora miti na ndege ili dunia ipoe. Mmeambiwa mzee alichora mazingira kabla ninyi hamjazaliwa. Ni kweli nilichora. Siri sina, ila makosa ninayo ya kuwatosha wote na yakabaki. Kaeni niwape.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Sospeter, mtu mfupi, mkali, mwenye banda la mabati njia ya Butimba. Hakuwa na cheti cha mahali popote. Alikuwa na brashi nane na dharau isiyo na kipimo. Nilipokuwa mgeni kwake alinituma nikachore mawe ya mjini, yale makubwa yaliyopandana kila kilima. Mimi nikaona ya nini kuungua na jua wakati mawe nayajua tangu natambaa. Nikakaa kivulini nikayachora kwa kichwa. Mzee akaiangalia picha, akaichukua, akampelekea mama muuza chipsi wa jirani. Yule mama akaitundika juu ya kikaango chake akashukuru sana. Ilikaa pale miaka, na hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuuliza kwa nini viazi vimepandana vile.

"Kichwani kwako kuna viazi," Mzee Sospeter aliniambia. "Mawe yako nje. Toka nje."

Mengine aliyonifundisha nawapa bure. Kabla hujapaka ukuta, ugonge kwa konzi kila hatua. Ukisikia sauti ya ngoma ujue plasta imeachia, na rangi yako itaanguka pamoja nayo na lawama utabeba wewe. Ukuta unaotazama machweo upake asubuhi. Ukipaka rangi ya mafuta ukuta ukiwa wa moto, juu inakauka, ndani inachemka, na baada ya wiki mbuga yako yote imeota malengelenge. Rangi mpya haishiki juu ya rangi ya zamani inayong'aa mpaka uipige msasa, na msasa siyo wa kubembeleza, uukwangue ukuta mpaka useme basi. Hili la msasa lishikeni, maana ndilo lililonimaliza.

Na lingine alilolirudia mpaka likanichosha: usichore mti usio na mwenyewe. Hakutosheka na mkwaju. Alitaka mkwaju wa nani, uko wapi, tawi lipi lilivunjwa na upepo, na nani alilivunja kama siyo upepo.

Wakati huo soko huria lilikuwa limeingia kwa kishindo. Zamani kuta zetu zilikuwa za jembe na kitabu na kaulimbiu. Ghafla kila mwenye kibanda anataka chupa, sabuni, kiatu, kichwa cha kinyozi. Kuna ukuta mmoja karibu na stendi ambao mimi mwenyewe niliuandika kwamba kilimo ni uti wa mgongo, na mimi mwenyewe nikaufuta nikachora chupa ya bia inayotoka jasho. Uti wa mgongo ukaachwa ujitegemee. Tulikula vizuri miaka ile, sitawadanganya.

Sasa niwapeleke kijijini, upande wa Magu, kwa shangazi yangu Kabula, dada wa baba. Alikuwa mjane, amerudi kwao, watoto wake wako mjini wanauza mitumba. Alikuwa na ng'ombe wachache na ngitili aliyoachiwa na babu yetu. Ninyi mmezaliwa kwenye lami, kwa hiyo ngitili hamuijui. Ni kipande cha ardhi ambacho Msukuma anakizungushia ua wa minyaa, halafu anakaa anakitazama. Mvua zikinyesha majani yanaota, miti inaota, na hakuna ng'ombe anayeingia. Anasubiri. Kiangazi kikifika, nje kote kumekuwa vumbi, ndipo anafungua kidogo kidogo, ng'ombe wale wavuke. Mtu mvivu akiiona anasema ni pori. Mwenye akili akiiona anaona ghala.

Na kiangazi kilikuwa kimeanza kurefuka. Siku hizi mna jina lake, mabadiliko ya tabianchi, na mna makongamano yake na chakula cha mchana. Sisi tulisema tu mvua zimeota kiburi. Zilichelewa, zikaja siku tatu kwa fujo, zikaondoka bila kuaga. Mwaka mmoja ng'ombe wa kijiji kile walianguka mmoja mmoja kando ya njia, ila wa shangazi walibaki wamesimama, wamekonda lakini wamesimama, kwa sababu ya ile ngitili. Mwalimu mkuu wa shule akaona hilo ni somo. Akaniita nichore ngitili ya Kabula kwenye ukuta wa darasa unaotazama barabara, watoto wajue kwamba dawa ya ukame babu zao walikuwa nayo.

Malipo yalikuwa gunia la mchele na beberu. Beberu yule alikula brashi yangu ya manyoya laini kabla mimi sijamla yeye.

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya kwa macho. Asubuhi nakaa ngitilini na karatasi yangu, jioni napanda ngazi. Shangazi alikuwa anasimama nyuma yangu ameshika kiuno, ananisahihisha kama mkaguzi wa elimu. Mgunga huu umeegemea magharibi, wewe umeusimamisha, kwani umekuwa askari? Mkuyu wa kisimani una shimo la nyuki, liko wapi? Huu mninga baba aliupanda siku nilipoota meno. Kila mti ulikuwa na habari yake, na mimi nikauweka palepale ulipo, na minyaa pande zote nne, na kisima katikati. Nilipaka jani kwa jani, rangi nzito mpaka ukipitisha kiganja unahisi miti imevimba. Nilipomaliza, wazee walikuja na fimbo zao wakasimama mbele ya ukuta wakawa wanaitaja miti, na waliposhindana walikwenda ngitilini kuhakikisha, wakarudi kuniambia nimepatia. Mzee Sospeter alisafiri mpaka kule kuuona. Akauliza kama kawaida yake, "Hii miti ni ya nani?" Shangazi akajibu, "Yangu." Mzee akaitikia kwa kichwa, akaomba maji ya kunywa. Kwa yule mtu, hiyo ni sifa.

Halafu ukaja mradi.

Ilikuwa miaka ya miradi. Kila wiki gari jeupe jipya linapita, limeandikwa herufi nne ubavuni ambazo hakuna anayejua maana yake, hata dereva. Kulikuwa na semina za kuzuia jangwa kwenye hoteli zenye bustani zinazomwagiliwa maji asubuhi na jioni. Watu walijifunza kuishi kwa posho za semina. Namjua mtu aliyezuia jangwa mpaka akajenga nyumba. Mradi huu ulitaka kuta za shule zichorwe asili yetu, ili wananchi waipende na kuitunza. Mratibu wake alikuwa kijana wa Dar es Salaam, mpole, tai haimtoki shingoni hata kwenye jua la saa saba. Nikampelekea michoro yangu: ngitili, wachunga ng'ombe, na ufukwe wa ziwa ulivyokuwa wakati ule, magugu maji yamefunga maji kama mkeka na mitumbwi imekwama ndani yake.

Aliipindua karatasi moja baada ya nyingine kwa adabu.

"Fundi Makoye," akasema, "kazi nzuri. Sasa asili iko wapi?"

"Ndiyo hiyo, mheshimiwa."

"Hapa naona ng'ombe. Hapa naona uchafu ziwani. Wageni wanaotusaidia wanakuja kuona asili." Akafungua droo, akatoa kalenda. Kulikuwa na twiga, tembo, simba, na nyuma yao mlima una theluji. "Kitu kama hiki."

"Lakini kwetu twiga hakuna."

"Ndiyo maana tunawachora," akasema, na hakuwa anatania.

Ningekuwa shujaa ningekunja karatasi zangu nikaondoka. Mkono mtupu haulambwi, na mimi nilikuwa na watoto wanne na banda la kupanga. Nikaichukua ile kalenda. Mzee Sospeter aliposikia alisema nimerudi kwenye viazi, na hakunisemesha tena mwaka mzima.

Nilizunguka na kalenda ile kwenye vijiji vya ziwani nikipanda simba na tembo kila ukuta. Kijiji kimoja nilichora simba dume nyuma ya vichanja vya kuanikia dagaa. Wavuvi wakakusanyika. Mmoja akaniuliza kwa heshima kubwa kama simba huyo anakula dagaa wabichi au wakavu, ili wajue wa kuwaficha. Kwingine nilichora ziwa, na nilipewa agizo liwe la bluu, safi, tulivu. Nyuma yangu akina mama walikuwa wanayasukuma magugu maji kwa fimbo kutafuta mahali pa kutumbukiza ndoo, miguu inawawasha, na nyoka mle hawakosi. Mama mmoja akaja na ndoo yake tupu akaitua mbele ya picha yangu.

"Fundi," akasema, "huku kwako maji ni mazuri. Tuchotee."

Wenzake walicheka na mimi nikacheka, maana usipocheka utafanya nini. Niliendelea kupaka bluu.

Mwisho tukafika kwenye shule ya kijiji cha shangazi. Mratibu aliupenda ule ukuta kuliko zote kwa sababu wageni wangeuona wakiwa ndani ya gari bila kushuka. Mwalimu mkuu alikuwa amehamishwa, aliyekuja hakujua habari ya ngitili, na mradi ulimwahidi madawati. Nikaambiwa: twiga watatu, mlima, jua linazama.

Fundi mwingine angepaka chokaa juu ya picha ya zamani na kuchora. Ingekuwa lipualipua, na chokaa juu ya rangi ya mafuta haidumu, mvua mbili tu inabanduka. Laiti ningekuwa fundi mwingine. Mimi nilikuwa na sifa zangu. Nikachukua msasa mkali wa namba ndogo nikaukwangua ukuta mzima, siku mbili, mpaka kwenye saruji. Ile miti iliyovimba ikawa vumbi. Nilipiga chafya ya kijani mpaka nyumbani. Kisha nikapaka rangi ya msingi mara mbili, nikawasimamisha twiga wangu, na nikaringa kabisa jinsi ukuta ulivyokuwa laini.

Shangazi alikuwa msibani kijiji cha jirani. Aliporudi alinikuta namalizia pembe za twiga wa tatu. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akautazama ukuta muda mrefu.

"Makoye, miti yangu umeipeleka wapi?"

Sikilizeni nilichomjibu, maana hili ndilo kosa lenyewe, yale mengine yote ni nyongeza. Nilimwambia, "Ipo hapohapo chini, shangazi. Nimeifunika tu kwa juu. Siku tukitaka, nawabandua hawa twiga, unaikuta miti yako yote kama ilivyokuwa." Nilisema hivyo nipone na macho yake. Yeye hakujua msasa ni nini. Akaridhika, akaniletea maziwa.

Haikupita kiangazi kimoja, mfanyabiashara mwenye malori akatokea kijijini. Mjini mkaa ulikuwa biashara, na kuni za kukaushia samaki zilikuwa biashara, na katika nchi ile iliyokwisha kukatwa, miti mikubwa ilikuwa imebaki mahali pamoja tu. Mtendaji wa kijiji akaitisha mkutano. Alikuwa na faili, na kwenye faili ngitili ya shangazi ilikuwa imeandikwa kwamba ni pori lisilo na matumizi, linafaa kwa mwekezaji. Shangazi akanitumia ujumbe Mwanza. Nikaenda nikijua naenda kumsindikiza tu.

Mtendaji alizungumza vizuri, kama wazungumzavyo. Soko limekuwa huru, ardhi lazima izalishe, na mwanamke kukaa na pori zima kwa ng'ombe saba ni kuchelewesha maendeleo. Akauliza nani anaweza kuonyesha kwamba pale pametunzwa tangu zamani na mipaka yake ni ile. Karatasi haikuwepo. Wazee walisema wanaijua. Akasema wazee wanajua mengi.

Ndipo shangazi akasimama, akaifunga khanga yake vizuri.

"Imechorwa," akasema. "Shuleni. Miti yote, minyaa yote, na kisima. Hata wewe uliiona ulipohamia hapa. Twiga wamesimama juu yake tu, na aliyewasimamisha ni mtoto wa kaka yangu huyu hapa. Atawashusha."

Watu wote wakanigeukia. Mtendaji akanitazama pia, akatabasamu. Nadhani aliusoma uso wangu kabla sijafungua mdomo.

"Mimi siyo mtu mgumu," akasema. "Awashushe. Nikiiona hiyo miti kwa macho yangu, nitaandika kwamba ni ngitili."

Mkutano mzima ukahamia shuleni. Walikaa chini mbele ya ukuta kana kwamba kuna sinema. Nikaletewa ngazi, tapentaini, matambara, kisu. Ningeweza kusema ukweli palepale. Sikusema. Nilijidanganya kwamba pengine kuna mahali msasa uliruka, pengine chini kwenye pembe, pengine tawi moja. Nikaanza na shingo ya twiga wa katikati. Nikapaka tapentaini, nikasubiri, nikakwangua. Rangi ile haikutaka kutoka, nilikuwa nimeifanya vizuri mno. Ilipotoka, ikatoka yote, na nyuma yake kukawa na kijivu. Nikahamia tumboni. Kijivu. Nikahamia miguuni, kule kilipokuwa kisima. Jasho lilikuwa linanitiririka mpaka kwenye macho.

"Naona saruji," akasema mtendaji. "Saruji nayo ni ya mama Kabula?"

Wengine wakacheka. Siwalaumu, alijua kusema. Nikashuka kwenye ngazi, nikasema kwa sauti kwamba miti ilikuwepo, nimeichora mwenyewe nikiitazama, mmoja mmoja, na niko tayari kuapa popote.

"Fundi," akaniuliza, taratibu tu, "hawa twiga ni wewe uliyewachora?"

"Ni mimi."

"Nao uliwaona hapa?"

Hapo kijiji kizima kilicheka, mpaka wazee waliokuwa upande wetu, mpaka watoto waliokuwa madirishani. Mimi nilisimama na kisu changu mkononi. Shangazi peke yake hakucheka. Alikuwa anautazama ule mraba wa kijivu, kisha akanitazama mimi, na nikaona ameelewa kwamba nilimdanganya tangu siku ile ya maziwa. Nimewahi kuanguka kutoka ghorofa ya pili na ngazi yangu. Siku hii iliuma kuliko ile.

Miti ilikwisha kabla ya mvua. Malori yalipita mbele ya shule yamejaa magunia ya mkaa, na wageni wa mradi nao walipita, na kumbe wakashuka, wakapiga picha na twiga wangu, ambao niliwaziba shingo kwa rangi kwa sababu mratibu alilalamika. Kiangazi kilichofuata ng'ombe wa shangazi hawakuvuka. Mvua zilipokuja, zile kubwa ambazo kila wa umri wangu anazikumbuka, hazikukuta jani la kuzishika pale. Udongo ulishuka wote ukaenda kumalizia safari yake ziwani, na kisima kikafukiwa.

Hamtaamini kilichofuata, au mtaamini, maana mmekua. Mradi uliiona ile ardhi tupu ukafurahi. Wakaleta miche ya mikaratusi, wakaniita nichore bango: Eneo la Kurejesha Uoto wa Asili. Niliikataa kazi hiyo. Ushujaa wangu ulichelewa, lakini ndio niliokuwa nao. Wakampata fundi mwingine kutoka mjini na yeye akaweka tembo.

Kwa hiyo mkinikuta sina furaha na hizi habari zenu za kuchora asili kuokoa dunia, mniwie radhi. Sisemi msichore. Chora, na kama unatumia kompyuta yako tumia. Ila mwenye pesa akikuletea kalenda, toka nje kwanza uangalie nchi ilivyo. Usipofanya hivyo, siku moja mtu atahitaji ushahidi wa kitu kilichokuwepo, atakugeukia wewe uliyekiona, na wewe utakuwa na twiga.

Nilikaa miezi mingi bila kwenda kwa shangazi. Nilipokwenda nilibeba rangi zangu zote, nzuri, za kununua kwa fedha yangu, na michoro ile ya kwanza ya karatasi niliyokuwa nimeitunza. Nikamwamkia. Akaitika. Nikamwambia nimekuja kumchorea ngitili yake kwenye ukuta wa nyumba yake, mti kwa mti, ili iwepo tena.

Alikuwa anapepeta mchele. Aliendelea kupepeta kwanza.

"Usiichore," akasema. "Wewe unajua kuchora, Makoye. Ukiichora ikapendeza, anayepita ataona miti, atasema kumbe ipo. Atafurahi na kwenda zake." Akaweka ungo chini. "Nenda ukatazame kilichopo. Chora visiki."

Nikaenda kule nikiwa na karatasi zangu. Vilikuwa ishirini na saba. Nilivichora kwenye ule ukuta wa udongo unaotazama njia, kimoja kimoja, kila kimoja mahali pake na kwa unene wake na alama za shoka. Nililia nikichora, na sioni haya kuwaambia. Shangazi hakulia. Kila nilipomaliza kisiki alitaja mti uliokuwa juu yake, mkwaju, mninga, mkuyu wa nyuki, akakunja kidole, akasubiri kingine. Alikuwa anahakikisha sijaruka hata kimoja.